Hodi ya Tatu

Jumapili, 3 Mei

Sijawahi kumwambia mtu. Si Mama, si rafiki yangu wa dawati moja, si hata mto wangu, ambao unajua mengi. Ile namba nane niliifuta mimi. Nikaweka tatu.

Naandika haraka kabla sijaghairi. Na naandika kwa kalamu ya Pweza — aibu nyingine hiyo. Walikuja shuleni wakagawa kalamu na kofia, wakatuambia dunia nzima inatumia programu zao. Kofia niliitupa. Kalamu nimeshindwa. Haikwami hata kidogo.

Pweza si jina lao. Shangazi ndiye aliyewabatiza, kwa sababu kila ofisi unayoingia unakuta mkono wao umeshika kitu: barua, kalenda, printa, simu. Baba halipendi jina hilo. Anasema ukianza kumtukana mtu umeshakubali amekuzidi. Shangazi akamjibu, "Kaka, ametuzidi. Acha tumtukane tupate angalau hiyo raha."

Sisi tuna Jirani. Ni programu yetu, ya Baba na Shangazi, ndugu wawili na vichwa viwili. Kazi yake ni kuziunganisha kompyuta za mahali pamoja, ziwe tano au hamsini, zisikilizane na zipeane mafaili hata intaneti ikikatika. Kwenye skrini ni mlango mdogo wa buluu, basi. Baba anaweza kukueleza mlango huo kwa saa mbili na chai ikapoa mbele yake.

Sasa kosa langu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na miaka kumi na minne, na Jirani ilikuwa inaongea Kiingereza kitupu. Baba akasema, huyu mtoto tumemsomesha lugha mbili za nini kama si hizi, atafsiri yeye. Shangazi akanipa faili moja lenye kila neno ambalo programu inamwambia mtu. Akanionya: gusa kilicho ndani ya alama za kunukuu tu. Nje ya hapo hata usipumue.

Likizo nzima nilikuwa na lile faili. Kompyuta ikiomba kuungana na nyingine, Kiingereza chake kilikuwa kirefu na kikavu kama barua ya mwalimu mkuu. Nikaandika: Hodi. Ikikubaliwa: Karibu. Ikikataliwa: Mwenyeji ana kazi, rudi baadaye. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Kisha nikafika pale ambapo kompyuta inaita, inaita, haijibiwi. Nikaandika: Nimepiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitika. Naenda zangu, kazi yako nimeitunza.

Tatu kwa sababu ya Bibi. Mama yake Baba, aliyetutoka mwaka ule ule. Jina langu ni lake, ndiyo maana Baba huniita "mama". Bibi alikuwa haingii hata chumbani kwangu, mimi mtoto wa miaka sita, bila hodi. Tatu, na nafasi katikati. Usipoitika anaondoka, wala hanuni. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiendelee kuita. Akasema mwenye nafasi ameshasikia, na asiye na nafasi muache na shughuli zake, ya nne utakuwa unagombana na mlango.

Ila pembeni ya sentensi yangu, nje ya alama za kunukuu, palikuwa na namba nane. Ndiyo idadi ya kuita kabla programu haijakata tamaa. Nikaona hapo itakuwa inadanganya watu. Iite mara nane, halafu iseme tatu! Sikupenda Jirani iwe mwongo, tena kwa maneno yangu.

Nikabana pumzi. Nikafuta nane.

Hakuna aliyegundua mpaka leo. Na kesho majaribio yanaanza.

Jumatatu, 4 Mei

Majaribio yenyewe ni haya. Kuna zahanati kumi na nane zinazotaka kuunganishwa, mapokezi na maabara na dawa. Injinia wao, mama mmoja mwenye nywele fupi na daftari la jalada gumu, amezigawa: tisa zinatumia Jirani, tisa zinatumia Pweza. Wiki mbili. Hakuna kugusa chochote katikati, hata kurekebisha nukta. Ijumaa ya wiki ijayo anachagua mmoja.

Tukichaguliwa, tunaishi. Tusipochaguliwa, Pweza wameshawaandikia Baba na Shangazi barua za kiungwana: njooni mfanye kazi kwetu, mji mwingine, na Jirani muifunge. Barua ya Baba iko chini ya redio. Ya Shangazi sijui iko wapi.

Baada ya shule nilipitia ofisini. Ofisi yetu ilikuwa saluni ya kinyozi na vioo havijatolewa, kuta mbili nzima. Ukikaa kuandika programu unajiona ukiandika programu. Shangazi ametundika kanga kwenye kioo cha mbele yake, anasema hawezi kufikiri akitazamwa na mtu aliyechoka vile. Baba hupenda cha kwake. Hujifunza hotuba za wateja hapo, mikono ikipaa.

Watatu tu wamebaki. Baba, Shangazi na Fundi Ngazi, anayevuta nyaya. Anaitwa Ngazi kwa sababu hatembei bila ngazi yake, hata kununua mkate.

Leo alimkuta Baba mbele ya kioo. Akamuuliza kama huyo wa ndani ya kioo ameshanunua Jirani. Baba akasema bado anafikiria. Ngazi akasema, "Mpe wiki mbili, bosi. Na huyo naye anasikiliza Pweza kwanza."

Shangazi akacheka chini ya kanga. Nikawaangalia wote watatu kwenye vioo, wakawa sita, wakawa kumi na mbili. Nikapata uchungu wa ghafla wa kuwapenda. Sijui niseme vipi.

Jumatano, 6 Mei

Imetokea.

Nilikuwa nakunja nyaya kona ya ofisi, Ngazi akapiga simu kutoka zahanati ya mlimani. Shangazi akaiweka sauti ya wote. Huko laini ni dhaifu, mvua ikinyesha inakatika kila baada ya muda. Ngazi akasema nesi ameambiwa "naenda zangu" mara kumi na tano tangu asubuhi. Shangazi akasema haiwezekani, Jirani huita mara nane, ingekuwa imepata. Ngazi akasema, "Dada, mimi nimesimama hapa nahesabu kwa vidole. Inaita tatu, inaaga."

Shangazi akafungua programu. Akatafuta. Nikaona mgongo wake ukinyooka.

"Kaka. Nani kaweka tatu hapa?"

Baba akasema tatu gani. Akaja akaangalia. Akasema si yeye. Shangazi akafungua kumbukumbu ya mabadiliko, ile inayoonyesha kila mstari umeingizwa na nani na lini. Ikaandika jina la Baba. Bila shaka! Faili langu la tafsiri nililileta kwenye flashi, Baba ndiye aliyelipakia. Kila kilichokuwemo kikasomeka chake.

"Jina lako hili hapa," Shangazi akasema. Taratibu. Angefoka ningefurahi.

Wana makubaliano yao ya tangu siku ya kwanza. Baba anaongea na watu, Shangazi anaongea na mashine, na hakuna anayegusa kazi ya mwenzake bila kusema. Kampuni yote imekaa juu ya hilo kama meza juu ya miguu yake.

Baba akasema tena si yeye. Shangazi akasema, sawa kaka. Akafunga kompyuta, akachukua mkoba, saa tisa na robo.

Na mimi? Nilikuwa nimeshika waya wa mita tano. Mdomo niliufungua. Sauti yangu ina tabia, ikihitajika inakwenda kukaa tumboni. Nikaendelea kukunja.

Alhamisi, 7 Mei

Hawasemeshani. Wanapitishia kwa Ngazi.

"Ngazi, mwambie kaka yangu swichi ya pili imepata moto."

"Bosi, swichi ya pili imepata moto."

"Mwambie nimesikia, niko hatua mbili kutoka hapo."

"Dada, yuko hatua mbili."

Hata Ngazi mwenyewe hacheki. Akaniambia pembeni, yeye alisomea nyaya, na sasa amefanywa waya.

Nyumbani Mama akamuuliza Baba kama kuna tatizo. Baba akasema uchovu. Mama yeye ni katibu kwenye ofisi ya mawakili na huko wote wanatumia Pweza, kila siku Baba humtania kwamba analala na adui. Leo hakumtania. Mama alimsubiri atanie, nilimwona. Akala polepole, akisubiri.

Jumamosi, 9 Mei

Baba alikwenda zahanati ya mlimani kujionea. Injinia amekataza kugusa, hakukataza kutazama. Nikaomba kwenda. Nilipanga nimwambie njiani, kwenye gari, kwa sababu kwenye gari watu hawatazamani usoni.

Kilomita arobaini na mbili. Nilianza kusema "Baba" mara nne. Kila mara akaitika, "Naam, mama," kwa upole ule, na mimi nikaonyesha kitu dirishani. Mbuzi. Lori. Mbuzi tena. Mwishowe akasema, "Leo umeingiwa na mapenzi ya mifugo."

Zahanati ni vyumba vinne, rangi ya kijani hadi kiunoni, nyeupe juu. Nesi ni mnene, mchangamfu, ana kalamu tatu nyweleni. Baba alijitambulisha na kuanza kuomba radhi. Nesi akamkata.

"Kumbe wewe ndiye baba yake huyu naenda-zangu?"

Mimi ndiye mama yake, nikasema moyoni.

Akatukalisha tuone. Akaituma karatasi ya mgonjwa maabara, upande wa pili wa uwanja. Mvua ilikuwa inanyesha. Mlango wa buluu ukagonga, ko. Ukangoja. Ko. Ukangoja. Ko. Kisha maneno yangu yakatokea, na nesi akaiambia skrini bila kufikiri, "Haya, nenda salama," akamgeukia mtoto aliyekuwa akilia akamsafisha sikio. Baada ya dakika kama saba ikagonga yenyewe, ikaandika Karibu, karatasi ikafika.

Akatueleza kwamba dada yake ni nesi ng'ambo ya bonde, kwenye zahanati ya Pweza. Huko skrini inazungusha duara, inazungusha, na wewe huwezi kufanya lolote mpaka imalize. Dada yake ameanza kufuma. Ameshamaliza soksi moja. "Huyu wenu anakwambia mapema. Hayupo, nimekutunzia, endelea na watu wako. Mimi nina watu, sina muda wa duara."

Lakini alikuwa mkweli pia. Jumanne majibu ya mgonjwa mmoja yalichelewa saa nzima, kwa sababu Jirani iliaga na ikakawia kurudi. Mgonjwa hakudhurika. Ila saa nzima ni saa nzima. Baba aliandika hilo kubwa kuliko yale mengine yote.

Tulipokuwa tunaondoka mlango wa buluu ukagonga tena. Tatu, na nafasi katikati. Baba alikuwa na mkono kwenye kitasa. Akasimama pale pale.

"Huyu anabisha kama mama yangu," akasema. Hakumwambia mtu yeyote, alisema tu.

Hapo ndipo ningesema. Hapo hapo. Nesi akaniuliza nasoma darasa la ngapi.

Jumapili, 10 Mei

Nilikwenda kwa Shangazi nimepanga maneno. Nimeyafanyia mazoezi bafuni, kwa lugha zote mbili, nione ipi inauma kidogo. Zinauma sawasawa.

Nikamkuta anapiga pasi. Shangazi akiwa na huzuni hupiga pasi hata taulo. Barua ya Pweza ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa. Nikaisoma kwa jicho moja. Wamemwita "mtaalamu wa kiwango cha juu".

Nikamuuliza kama atakwenda.

Akasema hajui. Akasema huko atakuwa na kiti kinachozunguka na dirisha na wenzake mia mbili, na hakuna hata mmoja atakayemwibia chapati yake. Akaniangalia. Nikasema, "Ilikuwa mara moja."

"Mara tatu. Sasa hivi kila kitu ni mara tatu."

Tukacheka. Kisha akasema kitu kikanikata. Namba haimuumi, akasema. Namba huenda ni nzuri, hajui, itabidi ipimwe. Kaka yake angemwambia tu. "Miaka tisa kaka yangu hajaniingilia kimya kimya. Ukiwa mdogo wa mtu, maisha yako yote unasubiri siku atakayokuona mtu mzima. Mimi nilidhani nimeshaonwa."

Pasi ikapiga mvuke. Nikauangalia ule mvuke. Si Baba, Shangazi. Maneno matatu tu, na kila moja nililijua.

Akanifungia chapati mbili za kupeleka nyumbani. "Moja ya baba yako. Usimwambie imetoka kwangu."

Jumanne, 12 Mei

Injinia alikuja ofisini mwenyewe, saa tisa alasiri, na daftari lake. Mimi nilikuwa nyuma ya mabunda ya nyaya nafanya hesabu za shule. Sidhani kama aliniona, ila kwenye vioo hakuna mahali pa kujificha.

Akasema hajaamua. Akasema Pweza wana kasi, wana watu wa kupokea simu usiku na mchana, na mwaka wa kwanza wanatoa bure. Baba akaitikia kila moja kwa kichwa, kama mtu anayesomewa hukumu na kuona ni ya haki. Ila, akasema, kuna kitu kimoja katika karatasi zake hakielewi. Zahanati zetu tisa zina laini mbovu kuliko zao, na manesi wetu ndio waliohudumia watu wengi zaidi. Ameangalia akaona ni kwa sababu Jirani huacha mapema.

"Programu zote nilizoziona hung'ang'ania. Yenu peke yake ina adabu. Nani aliamua tatu?"

Shangazi akasema, "Muulize kaka." Ndiyo mara ya kwanza kumtaja bila kupitia Ngazi.

Baba akasema, "Nipe mpaka Ijumaa, mama."

Injinia akafunga daftari. Akasema atakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Na akasema hili, nimelikariri: "Kama mlikusudia, nataka kujua mlifikiria nini, maana na ile saa moja ya majibu yaliyochelewa itabidi tuirekebishe kwa fikra hiyo hiyo. Kama ni bahati, bahati siwezi kuiweka kwenye zahanati kumi na nane."

Alipotoka, Ngazi akasema rahisi, bosi, sema mlifanya utafiti. Watu wanapenda utafiti. Baba akasema hawezi kusema asichokifanya. Ngazi akasema basi sema ulifanya ndoto. Hakuna aliyecheka, akabeba ngazi yake akaenda kununua mkate.

Kwa hiyo nimefika hapa. Nikinyamaza, Ijumaa Baba atasema sijui, na sijui ni bahati, na tumekwisha. Nikisema, tatu ya kampuni iliwekwa na mtoto wa miaka kumi na minne aliyeambiwa asipumue. Na hiyo nayo si bahati tu?

Sijui ipi itawaangusha. Najua tu ipi itamrudishia Shangazi kaka yake.

Alhamisi, 14 Mei

Nimefanya. Halafu haikufanyika. Ngoja nieleze.

Kusema siwezi, hilo limethibitika. Lakini nyumbani tuna kompyuta mbili, ile kuukuu ya chumbani kwangu na ya mkononi ya Baba, na zimeunganishwa kwa Jirani. Leo nimerudi shuleni nyumba tupu, nikakaa nikaandika barua. Nimeifuta mara nyingi. Mwisho imebaki hivi:

Baba. Tatu niliweka mimi. Nilipotafsiri. Nilishaandika mara tatu kwa ajili ya Bibi, halafu nikaona nane pembeni na sikutaka Jirani iseme uongo. Shangazi alinikataza kugusa, nikagusa. Jina ni lako kwa sababu flashi uliipakia wewe. Mwambie yeye kwanza, kabla ya Injinia. Na Injinia akiuliza mlifikiria nini — si bahati, Baba. Sikubahatisha. Bibi alishafikiria. Alisema asiye na nafasi aachwe na shughuli zake. Ila Bibi pia alikuwa anarudi, jioni ile ile, kuangalia kama umeamka. Hicho mimi sikukiandika, sikujua kinaandikwaje. Labda ndiyo ile saa moja. Nisamehe. Mimi, mama yako.

Nikabonyeza tuma kabla mkono haujapata akili.

Ko. Ko. Ko.

Nimepiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitika.

Kompyuta yake imefungwa, ameibeba ofisini. Bila shaka. Nikakaa naangalia maneno yangu mwenyewe yakiniaga. Nikasikia raha, nakiri, raha ya kijinga, kama mtu aliyekwenda kwa daktari wa meno akakuta pamefungwa. Nimejaribu. Haikukubali. Nikazima yangu nikaenda kuosha vyombo, vyote, hata visafi.

Baba amerudi jioni, amechoka, hakufungua mkoba. Akala. Akanishika kichwa alipopita nyuma ya kiti changu, kama anavyofanya, kama anapima kama bado kipo.

Nikashindwa tena.

Ijumaa, 15 Mei

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sare nimevaa, kiatu kimoja bado. Nimewasha kompyuta ili nichape kazi ya jiografia ya leo, na sasa nimekaa kitandani.

Sentensi yangu ina nusu ya pili. Niliiandika mwenyewe! Naenda zangu, KAZI YAKO NIMEITUNZA. Haijashindikana kitu. Imetunzwa. Jirani inasubiri mlango ufunguliwe tu, ibishe tena yenyewe.

Na Baba yuko sebuleni. Nimesikia zipu ya mkoba. Anataka kupitia karatasi zake kabla ya Injinia. Nikimbie nikachomoe waya? Nimesimama. Nimekaa. Sijui kwa nini nimekaa. Najua kwa nini.

Ko.

Imetoka ukutani, upande wake. Ni sauti ya kidole cha Shangazi, aliigonga kwenye meza ya kinyozi akairekodi miaka ile.

Kwenye skrini yangu: Karibu. Imefika.

Kijiko cha chai kilikuwa kinazunguka, kimeacha. Mama anauliza kutoka jikoni kama ameita. Hajibu.

Barua si ndefu vile. Anaisoma mara ya pili.

Anaongea. Kwa simu. Ukuta huu ni mwembamba, Mungu aubariki. "Dada... Ndiyo, ni mimi mwenyewe, Ngazi yuko kwake... Njoo nyumbani. Sasa, kabla ya yule mama Injinia. ... Hapana, sikuiweka mimi. Wala wewe... Njoo tu, mdogo wangu. Nataka uisome wewe, kuna kitu humu kinahusu ile saa moja." Kisha anacheka, au analia, kwa Baba vinafanana, vyote hukimbilia puani.

Kiti kimesogezwa.

Viatu vyake koridoni. Baba huwa haji mlangoni kwangu, huita kutoka alipo, nyumba nzima isikie. Leo anakuja. Taratibu. Kiatu changu cha pili kiko wapi. Kalamu ya Pweza, ningeificha hii kwanza —

Amesimama nje. Namsikia anavyopumua.

"Hodi."

Amengoja. Kama Bibi. Nafasi ile ile kabisa.

"Hodi, mama."

Naweka daftari chini ya godoro. Bado hodi moja na nitaitika.